Ngazi Isiyo na Mwenyewe

Kiwanda chenyewe kinakamua alizeti. Kiko kanda ya kati ya Tanzania, katika mikoa ile ambayo ukipita barabara kuu baada ya mavuno unakuta madumu ya mafuta yamepangwa kandokando ya lami na wauzaji wanapungia mabasi. Jina la kiwanda sitalitaja, wala la fundi aliyeumia humo. Yeye bado anafuatilia haki yake, na jina lake halimwongezei msomaji kitu. Kisa nimekisikia kwake mwenyewe, kisha kwa vijana wawili waliokuwa naye zamu ile ya usiku. Maelezo yao yanakubaliana karibu yote, isipokuwa mahali pamoja nitakapopasema mbele.

Nimeamua kukiandika kwa sababu kila niliyemsimulia alinijibu kwa kisa cha kwake. Huyu alikuwa kiwanda cha maziwa, yule alikuwa bekari, mwingine kwenye minofu ya samaki kule Mwanza. Mitambo inatofautiana, lakini ngazi wanayoisimulia ukiisikiliza vizuri ni ile ile.

Kwanza tuijue kazi, maana asiyeijua atauliza alipanda kufanya nini huko juu. Mbegu za alizeti zikifika kiwandani humwagwa kwenye shimo la sakafuni. Kutoka shimoni kuna mnyororo wenye vikombe unaozichota na kuzipandisha hadi kwenye hopa, na kutoka kwenye hopa zinateremka zenyewe kuingia mashine ya kukamulia. Mafuta yanatoka upande huu, mashudu upande ule. Mdomo wa hopa hiyo ulikuwa juu kupita kimo cha watu wawili waliosimama begani kwa mwenzake. Mbegu zikishuka vizuri hakuna mtu mwenye haja nao.

Shida ilikuwa uzi. Mbegu huletwa kwenye viroba vilivyoshonwa mdomo. Kibarua wa kushusha mzigo akiwa na haraka, na msimu wa alizeti kila mtu ana haraka, haufumui mshono taratibu. Anapitisha kisu, anamwaga, anavuta kingine. Vipande vya uzi vinaingia shimoni pamoja na mbegu, vinapandishwa na vikombe, na kule juu vinajisokota kwenye mdomo wa hopa. Uzi wa kwanza unashika wa pili, wa pili unashika bua na makapi, na baada ya muda mdomo umeziba kama bomba la jikoni lililolishwa majani ya chai. Mashine chini inaanza kulia kavu. Hapo msimamizi wa zamu anapaza sauti, mtu anachukua ngazi, anapanda, anaingiza mkono, anachomoa tonge la nyuzi, anashuka. Dakika mbili tu. Usiku mmoja jambo hilo lingeweza kutokea mara tatu au nne, huku mnyororo ukiendelea kuzunguka. Kuhusu kuingiza mkono kwenye mtambo unaozunguka sitasema hapa. Hicho ni kisa kingine na kina makaburi yake.

Sasa ngazi. Ilikuwa ya alumini, ya kuegemeza. Wanasema ililetwa na mkandarasi wa umeme miaka kadhaa nyuma alipokuja kufunga taa, akaondoka akaiacha, na hakuna aliyerudi kuiulizia. Haikuwa kwenye daftari la stoo. Ukiwauliza karakana walisema ni ya uzalishaji. Uzalishaji wakasema ni ya usafi, kwa kuwa watu wa usafi ndio walioitumia kufuta buibui. Kila mtu aliitumia, na kwa hiyo hakuna aliyeitazama. Ingekuwa ya mtu angeifungia kufuli, na angepiga kelele mtu akiirudisha imepinda.

Ngazi za aina hiyo huja na viatu vya mpira miguuni. Mguu mmoja wa hii ulikuwa hauna kiatu tena, ni ncha ya chuma tupu iliyokwaruzwa ikawa laini. Mguu wa pili ulikuwa na kiatu, lakini mpira umekwisha meno yake yote, unang'aa kama kisigino cha kandambili ya zamani. Kipandio cha tatu kilikuwa kimelegea na kimefungwa kwa waya. Fundi aliniambia kila aliyepanda alikijua kipandio hicho, akakiruka. Mgeni akija aliambiwa tu, "Hicho cha tatu kiruke." Nilimuuliza, "Mlikuwa mnaongea hivyo kwa muda gani?" Akanitazama. Akasema ilikuwa kama kumwelekeza mtu choo kilipo.

Jambo hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kipandio chenyewe. Maneno "hicho kiruke" ni taarifa ya hatari. Ingeandikwa kwenye karatasi ikapelekwa ofisini ingekuwa ripoti kamili: kifaa ni kipi, kasoro iko wapi, nani anatumia. Ila tuliitoa kama maelekezo ya njia, na tukishamwelekeza mtu namna ya kuipita hatari tunahisi tumeimaliza. Nasema tuliitoa kwa sababu sidhani mimi nawe tungefanya tofauti. Mtu akiingia mahali akakuta wenzake wanaruka kipandio cha tatu, siku ya pili naye anakiruka, na siku ya tatu anamfundisha mwingine.

Dalili nyingine zilikuja zikisema waziwazi zaidi. Wiki kadhaa kabla ya ajali, ngazi ilisogea mtu akiwa juu. Ilikwenda nyuma kidogo, mguu ukakwama kwenye ufa wa sakafu, ikasimama. Yule aliyekuwa juu alipiga ukelele, wa chini wakacheka, na kwa siku mbili tatu utani ukawa kwamba ngazi imecheza ngoma. Kisha kibarua mmoja aliteleza kwenye vipandio vya chini, akachubuka muundi kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Alipewa soda na siku moja ya kupumzika bila malipo. Haikuandikwa popote, na kwa kuwa haikuandikwa, mkuu wa kiwanda alipokuja kuulizwa baadaye alisema kwa uso mkavu kwamba hapakuwahi kutokea tukio la ngazi. Hakusema uongo kwa kadiri ya daftari lake.

Kulikuwa pia na mama wa usafi. Huyu ndiye pekee aliyesema kitu kikaeleweka. Alisema, "Wanangu, hiyo ngazi itaua mtu." Wakamwitikia, "Sawa, mama," kwa heshima zote, na mmoja akaenda kuchukua kiroba kitupu, akakikunja, akakiweka chini ya miguu ya ngazi ili isiteleze. Waliona wametii. Lakini kiroba kile cha plastiki kikiwa juu ya sakafu yenye mafuta kinateleza kuliko sakafu yenyewe. Tangu siku hiyo kiroba kikawa sehemu ya ngazi. Asiyekiweka aliambiwa mzembe.

Hapa inafaa kueleza kwa nini ngazi inawadanganya hata watu wazoefu. Ngazi iliyoegemezwa ukutani inasimama kwa sababu miguu yake imeng'ang'ania sakafu. Unapokuwa kwenye kipandio cha pili, uzito wako uko karibu na miguu hiyo, unaikandamiza chini, na haisukumwi sana kwenda nyuma. Kadiri unavyopanda, uzito wako unazidi kuiegemea kule juu, na miguu inazidi kusukumwa itoke. Kwa hiyo ngazi inayoshikilia vizuri unapoijaribu chini inaweza kuachia ukiwa umefika kileleni, mahali pabaya kuliko pote. Kule kuitikisa kwa mkono na kupanda vipandio viwili "kuiangalia kama iko sawa" hakujibu swali lenyewe.

Mteremko nao una sehemu yake. Mafundi wa majengo wanaijua kanuni ya moja kwa nne: ngazi ikiegemea kwenye kimo cha mita nne, miguu yake ikae mita moja kutoka ukutani. Huhitaji futi kamba. Simama vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele. Viganja vikifika kwenye kipandio kilicho mbele ya mabega bila kuinama, mteremko unafaa. Ikilala zaidi ya hapo miguu inatafuta kukimbia. Ikisimama wima kupita kiasi, wewe ndiye unayeangukia mgongo.

Usiku ule haikuwezekana kuisimamisha inavyotakiwa. Mashudu yalikuwa hayajachukuliwa siku mbili, lori la mnunuzi limeharibika njiani, na magunia yalikuwa yamerundikwa mpaka chini ya hopa. Ili ngazi ipate pa kukaa, miguu ilibidi irudishwe nyuma, karibu mita mbili kutoka kwenye nguzo iliyoegemewa. Kwa kimo kile ilipaswa iwe chini ya mita moja. Na kwa kuwa ililazwa, ncha yake ya juu ilishuka, mdomo wa hopa ukawa mbali zaidi, na aliyepanda akalazimika kukanyaga vipandio vya mwishomwisho na kujinyoosha pembeni. Yaani gunia la mashudu lililokaa vibaya lilifanya mambo matatu kwa mpigo, na hakuna hata moja aliloliwaza aliyelipanga pale. Aliambiwa apange, akapanga.

Ilikuwa inakaribia alfajiri. Sakafu ilikuwa imepigwa maji kwa ajili ya zamu inayoingia, na maji juu ya ukungu wa mafuta unayajua. Mashine ikaanza kulia. Fundi akavaa gambuti zake, akaweka spana mfukoni, tochi mkononi. Tochi mkononi maana yake mkono mmoja tu ndio uliobaki wa kushikia. Taa ya juu ya hopa ilikuwa imeungua, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaitolea taarifa. Hiyo kweli iliandikwa. Karatasi yake ilionekana.

Mahali wanapotofautiana ni hapa. Fundi anasema aliomba mmoja ashike ngazi. Vijana wanasema walijitolea, naye akawaambia, "Acheni, nashuka sasa hivi." Sikutaka kuwapatanisha. Nadhani pande zote mbili zinasema kweli kwa namna fulani. Huenda aliomba usiku ule, na huenda aliwakatalia usiku mwingine kumi kabla ya huo, hadi kuomba kwake na kukataa kwake vikawa sauti moja masikioni mwao. Na hata kama mmoja angeshika, kijana wa kilo hamsini aliyesimama kwenye mafuta hawezi kuizuia ngazi yenye mtu mzima juu yake ikishaanza kwenda. Kushika kunasaidia isiyumbe. Kuizuia isiteleze ni kazi ya mpira, sakafu kavu na kamba iliyofungwa juu.

Alifika. Alilitoa tonge la kwanza akalitupa chini. La pili lilikuwa mbali kidogo upande wa kulia. Akajinyoosha, kitovu kikatoka nje ya mihimili ya ngazi, na miguu ya ngazi ikaondoka pamoja na kiroba chake.

Kuanguka kutoka mita mbili na nusu hakuchukui hata sekunde moja, na mtu anagota chini kwa mwendo wa kilomita 25 hivi kwa saa. Muda huo hautoshi kushika kitu. Tunazoea kuogopa paa la ghorofa na minara ya simu, tukidharau kimo cha dari ya sebule, lakini hiki cha pili ndicho tunachokipanda kila siku. Fundi aliangukia miguu, halafu matako, halafu mgongo. Kilichomuuma kwanza kilikuwa kisigino cha kushoto. Alikishika, akasema hana kitu kingine.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kosa kubwa la usiku ule halikuwa la ngazi. Wenzake walimpenda. Walimnyanyua haraka, mmoja makwapani, mmoja miguuni, wakamkalisha kwenye kiti. Wakampa maji. Kwa kuwa gari la kiwanda lilikuwa limekwenda mjini, wakaita bodaboda, wakampakia katikati, dereva mbele na rafiki nyuma akimkumbatia asianguke, wakaenda naye kwenye barabara ya vumbi na matuta. Njiani alisema miguu inakufa ganzi. Rafiki akamwambia avumilie, wanakaribia.

Mtu akiangukia miguu kutoka juu, mshindo hauishii kisiginoni. Unapanda na mifupa hadi kiunoni. Ndiyo maana daktari akiona kisigino kilichovunjika kwa kuanguka hutaka pia kuupima mgongo, hata kama mgonjwa halalamiki mgongo. Fundi alikuwa amevunjika kisigino na pingili moja ya chini ya mgongo. Pingili iliyovunjika inaweza kukaa mahali pake mtu akiwa amelala chali bila kutikiswa. Akikunjwa, akikalishwa, akirushwarushwa na matuta, vipande vinaweza kusogea na kuubana uti wa mgongo. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika madhara yapi yaliletwa na sakafu na yapi yaliletwa na bodaboda. Waliomsindikiza wanajiuliza mpaka leo, na sikuona sababu ya kuwaongezea mzigo.

Lakini wewe unayesoma bado una nafasi. Mwenzako akianguka kutoka juu, mwache alale alivyo, ila kama kuna moto, umeme au mtambo unaomfikia. Zimeni mashine. Mmoja apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, amwongeleshe. Msimkalishe, msimpe chakula wala maji. Piga simu upate gari ambalo mtu anaweza kulazwa ndani yake. Kama machela haipo, mlango ulioondolewa bawaba au ubao mpana unafaa, na watu wasipungue wanne au watano wa kumgeuza kwa pamoja kama gogo, mwili mzima mara moja, kichwa na kiuno vikienda sambamba. Itachelewesha safari. Afadhali ichelewe.

Sasa niseme jambo linaloniudhi. Viwanda vya chakula si mahali pa watu wasiojali. Ukiingia pale mlangoni utavaa kofia ya kufunika nywele, utavua pete na saa, utanawa mikono, kucha zako zitaangaliwa. Hata ngazi za mbao wengi hawazitaki sehemu za uzalishaji, kwa sababu kibanzi kinaweza kuangukia kwenye chakula na mbao hunyonya uchafu. Ndiyo sababu za alumini zikapendwa, nyepesi, zinaoshwa kwa maji. Yote hayo ni sahihi. Unywele mmoja ukikutwa kwenye chupa ya mafuta litafuatiliwa kundi zima, tarehe, zamu na mtu. Kiwanda hiki kilikuwa na daftari safi la mambo hayo, limejazwa kila siku. Ukijua kufuatilia unywele unajua pia kufuatilia ngazi. Ni macho yale yale na kalamu ile ile. Ila mkaguzi wa ubora analinda kinachoingia kwenye chupa, na binadamu aliye juu ya hopa hayumo kwenye chupa.

Tena maji yale yale yanayofanya kiwanda kiwe safi ndiyo yanayofanya sakafu iteleze. Mahali pa unga, vumbi linakaa kwenye vipandio kama poda. Mahali pa maziwa ni sabuni na maji ya moto. Hapa ni mafuta. Mtu anatoka sakafuni na nyayo za gambuti zimeshalowa, anapanda kwenye chuma laini. Kufuta nyayo kwa tambara kavu kabla ya kupanda hakugharimu chochote, na fundi alisema hakuwahi kumwona mtu akifanya hivyo, yeye akiwemo.

Baada ya ajali, kiwanda kilifanya yale ambayo kingeweza kuyafanya kabla. Walimwita mchomeleaji wa mtaani, akachomelea jukwaa dogo la chuma chini ya hopa, lenye ngazi ya kudumu na reli za kushikia pande zote. Na kwenye shimo la kupokelea mbegu wakaweka wavu wa nondo nyembamba unaozuia nyuzi. Wavu huo, ambao kijana mmoja aliniambia ulitengenezwa kwa mabaki ya vyuma ya karakana, umepunguza kuziba hadi siku nyingine hakuna anayepanda kabisa. Ningependa wenye viwanda wasome sentensi hiyo mara mbili. Tunapozungumza usalama wa ngazi tunakimbilia kumfundisha mtu namna ya kupanda, na ni vizuri ajue. Swali la kwanza hata hivyo lingekuwa kwa nini anapanda. Hapa alipanda kwa sababu ya uzi wa kiroba.

Kama kupanda hakukwepeki, basi ngazi iwe na mtu. Jina lake liandikwe ubavuni kwa rangi, aikague kila wiki, na ikiharibika asiiegemeze nyuma ya stoo ikisubiri kutengenezwa, kwa sababu nyuma ya stoo ndiko usiku wa manane watu huenda kuitafuta. Ikatwe vipande kwa msumeno.

Sheria ipo. Tanzania Bara tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala ambao wengi tunauita OSHA, na inamtaka mwajiri asajili mahali pake pa kazi na atoe taarifa ajali zikitokea. Wakenya wana yao ya mwaka 2007, na ya fidia ya mwaka huohuo. Ila sheria haijui kama uzi umeziba hopa. Anayejua ni wewe uliye pale.

Fundi wetu alikuwa kibarua wa msimu wa tatu. Hakuwa na mkataba wa maandishi. Baada ya ajali alipelekewa bahasha ya pesa za dawa, kisha nyingine ndogo zaidi, kisha simu zikaacha kupokelewa. Miezi ikapita akiwa amelala kwa kaka yake, mguu kwenye hogo, akijifunza upya kugeuka kitandani. Leo anatembea kwa fimbo. Hawezi kuchuchumaa, hawezi kusimama muda mrefu, na ganzi ya mguu wa kushoto haijaisha.

Ni shemeji yake aliyesikia redioni habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huo umetokana na sheria ya mwaka 2008 na ulianza kupokea michango Julai 2015. Wengi hawajui kwamba mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfuko hugharamia matibabu, na mtu akishindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu kuna malipo yake, na kuna fedha kwa ajili ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Lakini dai lina muda: miezi 12 tangu ajali. Kwa mtu aliyelala na mgongo uliovunjika, akisubiri simu ya bosi, miezi hiyo inakwenda upesi.

Yeye aliwahi, kwa wiki chache. Kilichokuwa kigumu ni kuthibitisha kwamba alikuwa kazini. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya mishahara, malipo yake yalikuwa ya mkononi kila Jumamosi. Ndugu kibarua, ukiwa mzima leo, piga picha daftari la mahudhurio lenye jina lako. Lipwa kwa simu ukiweza, ujumbe ubaki. Ukiumia, hakikisha hospitalini wanaandika kwamba uliumia kazini na mahali gani, siku hiyohiyo, wasiandike tu "ameanguka". Karatasi ya kwanza ya fundi iliandikwa hivyo, na imemsumbua kuliko karatasi nyingine zote.

Alichokuwa amebakiza nilipoonana naye ni mashahidi. Wale vijana wawili bado ni vibarua palepale, wanaitwa kwa siku, na asiyeitwa hana wa kumlalamikia. Mmoja ameandika maelezo yake na kuweka sahihi. Mwingine ameomba wasubiri mpaka msimu uishe.